Mwambie Mke Wangu

9 Februari

Mke mwenzangu,

Barua yako nimeipata, ile uliyoniuliza kama magoti bado yananisumbua. Yananisumbua. Bucha iko wazi, ng'ombe wanapatikana kwa mbinde, na yule fundi saa wa mkabala amehamia kwa binti yake, kwa hiyo sina tena mtu wa kugombana naye asubuhi. Shikamoo yako naidai. Utaanza nayo ukijibu.

Basi. Wamemleta mume wangu.

Najua habari ya mdogo wako ilikufikia huko kazini kabla yangu, na najua walikunyima ruhusa ya kuja kumzika. Siandiki ili ulie. Naandika kwa sababu nimeona kitu na sina mwingine wa kumwambia.

Walikuja maofisa wawili, mmoja mnene, mmoja kijana, na jeneza limepigiliwa misumari pande zote. Yule mnene akasimama katikati ya bucha, kulabu zinaning'inia juu ya kichwa chake, akasema amekufa kishujaa kwenye tanuri la matofali, kwa risasi moja, papo hapo, hakusikia maumivu. Nikamwambia, "Fungua." Akasema, "Mama, hairuhusiwi." Nikaenda nyuma nikarudi na shoka la mifupa. Yule kijana akashika bunduki. Nikamwambia, "Piga, mwanangu. Utatubeba wote kwa safari moja." Hakupiga. Nikapasua kifuniko.

Hakuna risasi. Tumbo limechanwa kwa singe, kile kisu cha mdomo wa bunduki, tena na tena, na viganja vyake vyote viwili vimekatika hadi mfupa. Unanielewa? Aliishika ile singe. Aliizuia kwa mikono mitupu, huku mtu mwingine anaisukuma. Mimi nimesimama kwenye gogo la kukatia nyama tangu sijaolewa, na nakuambia kiumbe aliyejeruhiwa hivyo hafi papo hapo. Anakaa. Kama ana ulimi, anaongea.

Nilimfunga tumbo kwa shuka la kitandani kwangu, nikamwosha uso, nikamwambia, "Haya bwana, umechelewa kurudi na chakula kimepoa." Yule ofisa kijana akamnong'oneza mtu, "Kumbe alikuwa na mke mzee hivi?" Akaelezwa kuwa mimi ni bibi yake mzaa mama, nimewalea ninyi wawili tangu mama yenu afariki, na kwetu mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza. Akaona haya akatoka nje.

Sasa sikiliza. Risasi haina mwenyewe, mtu anaweza kuipiga na asijue imeishia wapi. Singe ina mwenyewe. Kuna mtu alimtazama mume wangu machoni. Wewe uko huko huko, na mateka wao waliojeruhiwa wanaletwa kwenu. Uliza. Ukimpata, mmalize.

Bibi yako


21 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza kabla hujaanza kunifokea. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama, na nimejifunza kulala nimekaa. Mpishi wetu anakusalimu. Nilimsimulia unavyomfukuza mteja akilalamikia mifupa, akacheka mpaka akaunguza sufuria. Magoti yakande kwa maji ya moto. Ukiambiwa upumzike, pumzika.

Hujawahi kuniuliza nafanya kazi mahali pa namna gani. Kilikuwa kiwanda cha viatu. Meza za kukatia ngozi ndizo tunazopasulia watu, na ukutani bado kuna rafu za miguu ya mbao ya kupimia viatu, mikubwa kwa midogo. Miguu anayokata daktari inawekwa kwenye ndoo chini ya rafu hizo, na mimi ndiye ninayeipeleka kuzikwa nyuma ya jengo. Juzi ndoo ilinishinda uzito nikaiburuza. Askari mmoja aliyelala sakafuni akaona buti linapita karibu na uso wake, akaniita, "Nesi, hilo langu." Nikamwambia ndiyo ni lako, nakwenda kulitunza, akanishukuru.

Siku hiyo hiyo waliletwa kumi na ushee ndani ya lori moja, waliokufa chini na walio hai juu yao, na wa chini kabisa alikuwa hai. Tulimtoa kwa kuvuta. Mkono mmoja ukabaki kwangu.

Kuhusu ombi lako. Mateka wanalazwa kwenye stoo ya ngozi, na mlinzi mlangoni. Nawahudumia kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lugha yao ni hii hii yetu, na matusi yao ni haya haya. Siwezi kupita kitanda kwa kitanda nikiuliza nani alimchoma nani. Wote wameua, Bibi. Wetu pia wameua. Na wewe hukupaswa kufungua lile jeneza. Mimi nilikuwa nimeshaiamini ile risasi moja, ilikuwa inanisaidia kulala.

Mjukuu wako


30 Aprili

Mke mwenzangu,

Shikamoo nimeipokea, na maji ya moto nimekanda, hayakusaidia chochote. Biashara imelala. Kuku wa jirani wanaingia hadi kwenye gogo kunusa harufu ya zamani.

Umeniandikia kurasa mbili za miguu ya watu nisiowajua ili usiniandikie neno moja juu ya mdogo wako. Nimekulea, nakujua. Ukiwa mtoto ulikuwa unafagia ua mzima ukiona nataka kukuuliza nani kavunja kikombe.

Huku vita imeingia mtaani kwa miguu yake. Unamkumbuka kinyozi, yule aliyekuwa akimnyoa mume wangu na kumwachia kishungi mbele? Imejulikana ana kaka yake upande wa pili. Wiki iliyopita kundi la vijana lilikuja bucha kuniomba visu. Kiongozi wao ni yule mpiga debe wa stendi, ana sauti kuliko akili. Akaniambia, "Bibi, tunakwenda kumlipia mjukuu wako." Nikamuuliza, "Kinyozi alikuwa kwenye tanuri la matofali?" Akasema damu ni moja. Nikachukua mfupa wa paja la ng'ombe nikamtandika nao shavuni. Meno yalimtoka, nikamwambia ayaokote yote, sitaki uchafu dukani kwangu. Wenzake wakarudi nyuma. Visu vyangu hawakupata.

Wakapata mafuta ya taa. Kesho yake mchana walimfungia kinyozi ndani ya kibanda chake wakawasha. Alikuwa anapiga mlango kwa kiti, nikisikia nikiwa huku nimeshika shoka, na watu walikuwa wengi mno kati yangu na yeye. Kiti kikanyamaza kabla yake. Sitakudanganya kuwa nililia. Nilichosema moyoni ni kwamba huyu siye. Simtaki kaka wa mtu wala binamu wa mtu, wala sitaki watu kumi kwa mmoja. Namtaka yule yule, mwenye singe yake.

Usiniambie wote wameua. Mimi nimeua ng'ombe wasiohesabika, na kila mmoja nilijua ninachomfanyia. Huyo naye lazima ajue.

Bibi yako


18 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Barabara ilikatwa, na magari ya barua yalichomwa pamoja na madereva wake. Ningeweza kuandika hata hivyo. Barua mbili nilianza, nikazichana.

Habari ya kinyozi imeniuma. Alinisuka mimi pia, ulipovunjika mkono. Hilo tu ndilo niwezalo kusema.

Mpishi wetu amekufa. Kombora liliingia jikoni wakati wa chakula cha mchana. Nilimtambua kwa aproni, na aproni yenyewe ilikuwa nusu. Tulikuwa tumepanga foleni na sahani mikononi, na waliokuwa mbele yangu kwenye foleni hawapo. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma kumpisha mtu mwenye magongo. Mpaka leo nikishika sahani mkono unatetemeka.

Sasa nakuandikia lile lililonifanya nichane barua mbili.

Kuna mateka mmoja, kitanda cha mwisho ukutani. Kipande cha chuma kilimwingia pajani karibu na kinena, daktari akauunga mshipa mkubwa kwa uzi na akaniambia, "Huu ukiachia, ni dakika chache tu." Kabla ya vita alikuwa fundi bomba. Analala akisikiliza bomba letu linavyovuja, ananielekeza nilifunge vipi, na nimelifunga kweli, halivuji. Si jitu, Bibi. Ana ndevu za kubahatisha, na akichomwa sindano anafumba macho.

Kila mtu wa upande wetu anayemkaribia, mlinzi, mfagiaji, hata padri, yeye humuuliza swali lile lile: "Unamjua mwanamke mwenye bucha, mume wake alikuwa askari, kijana mdogo tu?" Wakamwona kachanganyikiwa. Juzi akaniuliza mimi. Nilikuwa nabadilisha bandeji. Nikamuuliza anamtakia nini. Akasema, "Nilimuua mumewe kwenye tanuri la matofali. Kabla hajafa alinipa maneno ya mkewe. Alisema mkewe anauza nyama na ana mkono mzito."

Mkasi ulinidondoka. Akaniambia pole, akadhani nimechoka.

Nikamwomba anipe hayo maneno nitayafikisha. Akakataa. Ameapa mbele ya mtu anayekata roho kuwa atamwambia mkewe mwenyewe, masikioni mwake, na hatamwambia mtu mwingine. Hajui hakuna mke. Anawaza mwanamke kijana, labda na mtoto mgongoni. Akimfikiria, analia.

Bibi, ni yeye. Amelala hapo na mikono yangu ndiyo inayomfunga na kumfungua. Sijui nifanye nini. Usiniharakishe.

Mjukuu wako


6 Julai

Mke mwenzangu,

Salamu zipo nyingi, nitazituma siku nyingine. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikafunga bucha wateja wakiwa ndani, ikabidi watokee dirishani.

Mpishi, Mungu amlaze. Nilikuwa nimeshampenda kwa kucheka kwake.

Hujui ufanye nini? Nitakwambia. Mshipa unaujua uko wapi, nilikuonyesha mimi kwenye paja la ndama kabla chuo chako cha unesi hakijakuonyesha. Huo uzi wa daktari una ncha mbili. Chukua mkasi ulioudondosha, uokote, ufanye kazi yake. Usimfanye haraka. Mwambie kwanza wewe ni nani. Mtaje mume wangu, mtaje jinsi alivyokuwa anaimba akiosha gogo, kwa sauti ile mbovu, mpaka mbwa wa mtaa mzima wanajibu. Mwambie viganja vyake nimevishona mimi kwa uzi wa magunia ili azikwe na mikono iliyofumba. Akishajua ndipo umkate.

Nimeacha kuandika nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Kuna maneno yangu huko. Mimi ndiye mke. Mume wangu alikuwa anakufa akanikumbuka mimi, akanituma neno, na hilo neno liko kwenye mdomo wa muuaji wake, na wewe umesimama kando umeshika bandeji. Yatoe hayo maneno. Sijali kwa njia gani. Mdanganye, mbembeleze, mnyime maji. Ningekuja mwenyewe, nimejaribu, kwenye kizuizi cha barabarani wakanirudisha nikamtemea mate askari, kwa hiyo njia hiyo imefungwa.

Kwanza maneno. Halafu ummalize. Usikosee mpangilio.

Bibi yako


15 Agosti

Mke mwenzangu,

Mbona kimya? Nyama ipo, mimi nipo, magoti yale yale. Kila gari la barua likipita natoka nje na aproni yenye damu, yule mgawa barua sasa ananiogopa.

Niambie alisema nini. Kama ni matusi, niambie. Kama alikuwa analia kama mtoto, niambie hivyo hivyo. Usinipikie kitu laini. Jino lililobaki linatafuna vigumu.

Bibi


2 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua zako mbili nimezipata, ya Julai ilifika kwanza na ya Agosti imefika juzi. Mimi mzima. Nimehamishwa kutoka stoo ya ngozi, sasa niko upande wa akina mama waliojeruhiwa vijijini. Nitakuandikia mara hii bila kufagia ua.

Ilikuwa siku ya makombora. Yalianza asubuhi na yalikuwa yanatembea kuelekea kwetu, moja mtaa wa juu, moja gereji ya jirani, halafu uani kwetu. Mlinzi aliitwa kubeba majeruhi, madaktari wote walikuwa mezani, na damu ilikuwa inapita chini ya mlango wa chumba cha upasuaji kama maji ya kuoshea sakafu. Niliingia stoo kwa sababu kulikuwa na dawa iliyobaki kabatini. Nikamkuta amekaa kitandani. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamwambia, "Mimi ndiye mke wake."

Akaanza kulia na kunieleza yote, bila kuniomba msamaha hata mara moja. Nilimheshimu kwa hilo, nikamchukia zaidi.

Alisema walikutana ndani ya tanuri, kila mmoja amekimbilia humo kujificha na hana risasi. Walipigana kwa matofali kwanza. Mdogo wangu alimvunja mbavu na kumng'ata sikio, akanionyesha, kipande hakipo. Halafu yule fundi bomba akaikumbuka singe yake. Alisema ya kwanza haikuingia vizuri kwa sababu mdogo wangu aliishika, na waliisukuma huku na huku, uso kwa uso, mpaka vidole vikaachia. Alirudia kuchoma kwa woga. Alisema, "Niliendelea kwa sababu alikuwa bado ananitazama."

Halafu makombora yakaanza nje na hakuna aliyeweza kutoka. Wakalala humo wote wawili mchana kutwa, huyu na mbavu zake, yule ameshika tumbo. Huyu akampa mdogo wangu maji yake. Akamwekea koti chini ya kichwa. Na mdogo wangu akaongea, Bibi. Akasema aliongea mchana wote, habari za nyumbani, za bucha, za dada yake mkali, na za mke. "Nitakueleza yote," akaniambia, "nimeyashika, ila ni mengi, nitakwenda kidogo kidogo. Kwanza nilichoapa."

Akajiweka sawa, akafuta uso kwa shuka, akasema polepole kama mtu anayesoma:

"Mwambie mke wangu aolewe. Asinisubiri. Ila atafute mwanamume mwenye meno, maana ya kwake hayatoshi kwa nyama anayouza."

Akasema, "Habari ya meno sikuielewa. Nilidhani anaweweseka. Lakini nimekuletea kama yalivyo."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilifungua mdomo wote. Yeye akanitazama mdomoni. Akaniangalia meno, moja moja, mpaka ya nyuma. Akasema, "Wewe si mkewe. Meno unayo yote."

Nikamwambia mke wake ni bibi kizee wa bucha, mguu mmoja kaburini na mwingine kwenye matako ya wateja, na kwamba mdogo wangu, tangu akiwa mtoto anambebea kuni, alikuwa anaitwa mume. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alikuwa amebeba ile huzuni ya mjane kijana miezi yote hiyo, anaiombea, anaiota, kumbe ametumwa utani. Akacheka, Bibi. Akacheka kwa nguvu, ameshika mbavu zile alizovunjwa, akajikunja, akasema, "Na alivyosema kwa uso mkavu! Na si hilo tu, ngoja nikwambie alivyosema kuhusu..."

Hapo mshipa ukaachia.

Ulisikika, kama kitambaa kinapochanika. Damu iliruka ikanipiga shingoni. Nikamrukia, nikabana kinena kwa ngumi zote mbili, na uzito wangu wote juu yake, na ikasimama. Ilisimama kabisa. Nikaita, hakuna aliyesikia, makombora yalikuwa juu ya paa. Ningeweza kubana vile kwa saa nzima, ninao mkono wako mzito. Alikuwa ananitazama bado ana mabaki ya kicheko usoni. Akaniambia, "Usiachie, nesi."

Karatasi yako ilikuwa inanichoma pajani. Kwanza maneno, halafu ummalize. Maneno nilikuwa nimeshayapata. Nikamwona mdogo wangu anashika singe kwa viganja, na huyu anasukuma, na bado anatazamwa, na bado anasukuma.

Niliinyanyua mikono, Bibi. Niliinyanyua nikaishika juu hivi, mbali naye, na nikamwambia jina la mdogo wangu. Alijaribu kujibana mwenyewe. Vidole vilikuwa vinateleza. Alifungua mdomo kama anayetaka kumalizia ile habari, na nikainama kusikia, hapo ndipo akili iliponirudia. Nikabana tena kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nabana mtu aliyekwisha kufa, na niliendelea mpaka mlinzi aliporudi akaniondoa. Akaniambia, "Umejitahidi, nesi." Wameniandikia sifa.

Nimefanya ulichoniambia, kwa mpangilio ulioniambia.

Mjukuu wako


27 Septemba

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu, utani hautoki. Nakusalimu tu. Kula, hata kama mkono unatetemeka ukishika sahani. Kula kwa mkono mwingine.

Nilifika kwenye yale maneno nikiwa katikati ya kumkatia mteja mbavu. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la mifupa, mguu mmoja huku na mwingine kule. Mteja akanimwagia maji. Mwanaharamu yule! Ametobolewa tumbo na bado ananisema meno yangu! Nilimwona kabisa, na ule uso mkavu, anamtazama muuaji wake na kumpa kazi ya kunitania. Miezi yote hii nilikuwa namwona kwenye jeneza tu. Siku ile nilimwona hai.

Nikanyanyuka nikasoma yaliyobaki.

Wewe huna kosa. Nataka uisikie hiyo kutoka kwangu, kwa sababu utajaribu kuibeba peke yako. Mikono ilikuwa yako lakini niliisukuma mimi, kutoka huku, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nakunywa chai. Mwambie anayetaka kukuandikia sifa aniandikie mimi.

Nilidhani akifa nitalala. Nimejaribu. Nalala kidogo, halafu naamka namuuliza, yule fundi bomba, simuulizi mume wangu. Namuuliza: alisema nini kuhusu dada yake? Bucha aliielezaje? Aliogopa kuanzia saa ngapi? Nani alikuwa anamjibu, wewe? Ulimjibu vizuri? Na ile habari aliyoianza, iliyomchekesha hata kabla ya kuisema, ilikuwa ya nani?

Mchana mzima, mjukuu wangu. Mtoto wetu aliongea mchana mzima, na duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyesikia, akayashika yote ili atuletee.

Ndiye tuliyemuua.

Bibi yako